Mamothi Si Babu wa Tembo

Simu iliyoniletea msiba ilinikuta Villawood, hapa Sydney, kwenye ghala la vigae ninakofanya kazi ya kuandika makaratasi ya mizigo, nikiwa na andazi mdomoni. Mama wa hospitali, mwenye ile sauti ya upole ya watu waliozoea kutoa habari mbaya kabla ya chakula cha mchana, alihakikisha kwanza jina langu, kisha anwani yangu, kisha akasita. Akasema mgonjwa wao mmoja amefariki asubuhi ile kwa ugonjwa wa moyo, wanasikitika sana, na kwamba katika fomu yake, pale mtu anapoulizwa jamaa yake wa karibu ni nani, marehemu aliandika jina langu na namba yangu. Tatizo lilikuwa kisanduku cha pili, kile cha uhusiano. Humo aliandika neno la Kiswahili ambalo wao hawakulifahamu, wakamwuliza mkalimani, na mkalimani akawapa jibu lililowafanya waulize tena. "I'm sorry," akasema, "but it says here you're his hyrax." Yaani mimi ni pimbi wake. Kwa mliozaliwa huku, pimbi ni yule mnyama mdogo wa kwenye miamba, wa kimo cha sungura, asiye na mkia wala heshima, na kwetu ukitaka kumshusha mtu mzima mbele za watu ndivyo unavyomwita. Nikaliweka andazi chini. Nilisikitika, Mungu ni shahidi, lakini nisiwadanganye: jambo la kwanza lililonipita kichwani ni kwamba Mjomba amenilipizia kisasi akiwa mochwari.

Wasomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu mnamjua Mjomba. Sitamtaja jina, maana safu hii haitaji majina ya watu, na hata ile siku nilipomkosea humu humu sikumtaja, ingawa kila aliyesoma, kuanzia duka la vyakula vya Kiafrika la Merrylands hadi kanisani Lidcombe, alijua ni yeye. Alikuwa Mrundi mrefu, mwembamba, mwenye masikio makubwa ambayo aliyatania mwenyewe kabla hujapata nafasi. Aliletwa Sydney kutoka kambi ya wakimbizi ya upande wa Kigoma, peke yake, bila mke, bila mtoto, bila ndugu anayejulikana aliko. Kazi yake ilikuwa kuwalisha na kuwaogesha wazee katika nyumba moja ya wazee. Na mazungumzo yake yote, ukimpa dakika tano tu, yaliishia kwa tembo.

Jambo hilo lina asili yake. Katika ile nyumba ya wazee alipangiwa kumlisha chakula cha mchana bibi mmoja Mzungu aliyewahi kuwa mwalimu wa chuo kikuu, mtaalamu wa mifupa ya wanyama wa kale. Bibi alikuwa amesahau majina ya watoto wake, amesahau kwamba mumewe amekufa, amesahau kama amekula au hajala. Kitu kimoja tu kilibaki kizima kichwani mwake, nacho ni mhadhara mmoja kuhusu ukoo wa tembo, na kila alipoonjeshwa kijiko cha kwanza cha supu aliuanza mwanzo. Mjomba aliusikiliza miaka mitatu. Alikuja nchi hii hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, kwa hiyo Kiingereza alichokipata kilikuwa hicho. Siku moja nilimsindikiza benki, akashindwa kabisa kueleza kwamba kadi yake imemezwa na mashine, lakini karani alipomwuliza kwa wema ametoka sehemu gani ya Afrika, alimweleza kwa ufasaha ulionyooka kwamba jamaa wa kwanza kabisa wa tembo alitokea Afrika ya Kaskazini, mdogo kama mbweha, bila mkonga, bila pembe, bila dalili yoyote kwamba siku moja atakuja kuwa mtu wa maana. Karani alisikiliza, watu wa foleni nao wakasikiliza, na kadi haikupatikana.

Nami niliusikia mhadhara huo mara nyingi kiasi kwamba naweza kuwapeni kwa ufupi. Ukoo ulipotoka kwa huyo wa kimo cha mbweha ulitawanyika kila upande. Kuna aliyekaa kwenye mabwawa ya Misri akafanana zaidi na nguruwe. Kuna aliyeota pembe nne, mbili juu na mbili chini. Kuna aliyeishi kwetu Afrika Mashariki, pembe zake zikitoka kwenye taya la chini na kujikunja kuelekea kifuani, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilikuwa za kazi gani. Kuna mwenye taya pana kama beleshi. Kuna waliokwama kwenye visiwa vya Mediterania, chakula kikawa kidogo, nao wakapungua kizazi hadi kizazi mpaka dume zima likafika kiunoni mwa mtu. Na kuna mamothi, mwenye manyoya, aliyekwenda kuishi kwenye barafu. Hao wote wametoweka. Wamebaki tembo wa kwetu, wa mbugani na wa msituni, na mwenzao wa Asia. Ukiuliza ndugu zao wengine walio hai, hapo Mjomba alikuwa akishusha sauti kama anayetoa siri ya nyumba: ni nguva wa baharini, na pimbi. Australia nzima haina tembo ila wa kufungiwa, alisema, lakini shangazi yake yupo kule juu Queensland, anakula majani chini ya maji. Mchungaji wetu alimwuliza kama mambo hayo yanapatana na imani. Mjomba akamjibu kwamba ikiwa Mungu alimjaribu tembo kwa namna zote hizo kabla ya kuridhika, basi na yeye Mchungaji asikate tamaa na kwaya.

Sasa mtu atauliza, tembo na ujomba vinakutana wapi. Sisi tuliokuja huku tumekuja vipande vipande: huyu baba yake yuko Kisumu, yule shangazi zake wako Bukavu, mwingine ukoo mzima umebaki kambini. Halafu vijana wanataka kuoana, na huwezi kwenda kuposa bila mjomba wala baba mdogo, hata kama hodi yenyewe unaibisha kwenye fleti ya ghorofa ya tatu. Lazima awepo mtu mzima wa kusema. Mtu huyo alikuwa yeye. Alisimama mjomba wa Wakenya, wa Wakongo, wa Watanzania, na safari moja wa bwana wa Sudan Kusini aliyemzidi umri na kimo. Hakumkataa mtu, na hakupokea zaidi ya sahani ya pilau. Ukimwuliza udugu huo ameutoa wapi, anakwambia kambini mtu asiye na familia aliandikwa kwenye kadi ya posho ya familia nyingine, na yeye kwa miaka aliyokaa kule alipata kuwa mtoto wa akina mama watatu, wawili kati yao wadogo kwake kwa umri, na wote walipougua aliwauguza kama mama. Kisha anarudi palepale: ikiwa tembo na pimbi ni ndugu na hakuna anayewadai vyeti, yeye na Mjaluo kuna ajabu gani?

Kisa kilichonifanya nishike kalamu ni cha posa moja ya pale Merrylands. Mwanamume alikuwa Mkenya, nesi. Binti alikuwa Mrundi, wakati huo akisomea uhasibu. Mwanamume alimwomba Mjomba asimame upande wake. Wiki moja baadaye binti naye, bila kujua, akamwomba asimame upande wake. Mjomba akawakubalia wote wawili kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, kila mmoja alikuwa amemwomba vizuri. Mimi nilikuwepo siku hiyo, nimebeba kreti ya soda upande wa bwana harusi. Alipoingia sebuleni, pande zote mbili zilisimama kumpokea mjomba wao, na pande zote mbili zikabaki zimesimama. Mtu mwingine angeona haya akachagua mmoja. Yeye aliomba viti viwili, kimoja kila upande wa zulia, akatangaza kwamba akivaa koti ni wa bwana harusi, akilivua ni wa bibi harusi.

Akavaa koti, akasalimu. Akavua koti, akavuka zulia, akaketi, akatafakari, akasema salamu hiyo ni fupi mno kwa watu walioacha shughuli zao za Jumamosi. Akavaa koti, akaomba radhi. Akavua koti, akaikataa radhi, maana wageni hawa wameingia bila kubisha hodi kwa utaratibu, basi watoke nje waanze upya. Akavaa koti akatuongoza sisi wa upande wa bwana harusi hadi koridoni, mlango ukafungwa nyuma yetu, akabisha. Kimya. Akabisha tena. Ndani walikuwemo watu kumi na watano na hakuna aliyefungua, kwa kuwa siku ya posa mlango haufunguliwi mpaka msemaji wa nyumba aseme, na msemaji wa nyumba alikuwa koridoni na sisi, amevaa koti. Tulikaa hapo karibu nusu saa. Jirani mmoja Mlebanoni alipita na mifuko ya sokoni, akauliza kama tumejifungia nje, Mjomba akamwambia hapana, tunaposa. Mwishowe alilivua koti, akanipa nilishike, akainama kwenye tundu la ufunguo na kuwaambia wa ndani kwamba yeye msemaji wao ameridhika na adabu ya wageni, wafungue. Kulikuwa na shangazi wa binti aliyefuatilia kila kitu kutoka Bujumbura, kwenye simu iliyoegemezwa chupa ya soda, naye akataka kujua watu hawa waliokuja ni wa ukoo gani. Mjomba akasimama katikati ya zulia, koti amelivaa mkono mmoja tu, akaanzia kwa yule wa kimo cha mbweha. Alipofika kwenye barafu, shangazi alisema imetosha, ukoo ni mkubwa, wamchukue binti. Wale wawili wakaoana, na leo wana watoto wawili, na yule mkubwa tayari anasikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza.

Nikaenda nyumbani nikaandika. Nilimwita mjomba wa kukodi. Niliandika kwamba jamii inayookota wajomba barabarani itaamka siku moja haijui nani ni nani, na nikamalizia kwa kusema kwamba mamothi, babu wa tembo, angefufuka na kutuona tulivyokaa koridoni angerudi mwenyewe kwenye barafu. Iliandikwa vizuri, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Watu walicheka, walinipigia simu, walinisomea sentensi zangu mwenyewe. Halafu, bila mtu kutangaza chochote, wakaacha kumwita. Waliokuwa na posa wakaona haya kuonekana wamemkodi mtu, wakatafuta wajomba wa damu, hata yule asiyejua jina la bibi harusi, ilimradi atokee kwenye simu. Karibu mwaka mzima Mjomba alikuja kanisani Jumapili na lile koti amelikunja mkononi, ikiwa kuna mtu wa kumhitaji, akarudi nalo nyumbani vilevile. Nililiona hilo kwa macho yangu.

Tulikutana uso kwa uso mara moja tu kuhusu habari ile, wiki moja baada ya safu kutoka, pale dukani Merrylands, mbele ya magunia ya unga wa muhogo. Alikuwa na gazeti amelikunja vizuri. Nilijitayarisha kutukanwa, nilikuwa na majibu matatu tayari. Akanisalimu, akaniuliza habari za mgongo wangu, ndipo akasema: "Umeandika muzuri, franchement, kusema kweli. Lakini mimi hakuna mutu alinikodi." Nikaangalia unga. Akaongeza kwamba kuna kosa, kwamba mamothi si babu ya tembo, ni cousin, na nikipata nafasi niwarekebishie wasomaji. Nikamwambia nitaangalia. Waandishi wenzangu mnajua maana ya neno hilo. Miaka minne imepita na sikuangalia.

Baadaye watu walianza kumwita tena, kwanza kwa kuibaiba, kisha waziwazi, kwa sababu wajomba wa kwenye simu hukatika katikati ya hoja. Lakini mimi na yeye tulibaki kusalimiana kwa mbali. Kwa hiyo mtaelewa nilivyosimama pale ghalani na simu mkononi. Hospitali ilihitaji mtu mmoja wa kusaini ili Mjomba atolewe azikwe, na mtu aliyemwandika ni mimi, tena kwa jina la mnyama. Kama neno lile lilikuwa tusi, basi kusaini kwangu kungekuwa ni kulipokea tusi mbele ya serikali, nami sikuwa na nguvu hiyo. Kama halikuwa tusi, nilikuwa sistahili, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jioni ya pili tulikutana kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa, Lidcombe, kupanga mazishi. Tuliwaeleza watu kwamba kwa taratibu za huku hata rafiki anaweza kusaini, hakuna shida. Ukumbi ulichafuka. Azikwe na rafiki, kwani alikosa watu? Kufikia keshokutwa yake yule mama wa hospitali alinipigia tena, akaniuliza kwa adabu sana kama mama yake marehemu alijaliwa watoto wengi, maana mpaka saa hiyo wamepokea wapwa kumi na wanane. Mmoja alikuwa Mjaluo, mmoja Mmakonde, mmoja alisema wazi kwamba hajui wanahusianaje ila wanahusiana, na mmoja alikuwa yule Mlebanoni wa mifuko ya sokoni, ambaye tangu siku ya koridoni alikuwa akimkaribisha Mjomba kahawa kila Jumapili na hakujua neno jingine la kumwita isipokuwa uncle. Yule mama alisema yeye yuko radhi kumpokea yeyote, lakini jina kwenye fomu ni langu, na angependa kujua kama pimbi anakuja au haji.

Nikarudi ukumbini nikasema sitasaini. Mzee mmoja alikubaliana nami haraka kuliko nilivyopenda. Alisema haielekei mtu aliyemwandika marehemu gazetini ndiye amtoe mochwari. Yule nesi Mkenya, bwana harusi wa siku ile, alikuwa amechoka na zamu mbili mfululizo. "Form ni form, bana," akasema. "Wewe sign tu, tumzike mzee." Mkewe alingoja mpaka watu walipoanza kutawanyika. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa fleti ya Mjomba, maana ndiye aliyempelekea chakula alipoanza kuumwa. Akanivuta pembeni. "Kuja kwanza," akasema, "nikuoneshe kitu."

Fleti ilikuwa karibu na stesheni, na kila treni ilipopita vikombe vilitikisika kabatini. Ukuta mzima wa jikoni ulikuwa umefunikwa na karatasi, migongo ya kalenda za duka la nyama zilizoungwa kwa gundi, na juu yake Mjomba alikuwa amechora mti wa ukoo wa tembo. Hakujua kuchora; kila mnyama alifanana na kiatu. Lakini kila mmoja alikuwa na jina la mtu chini yake, na watu hao walikuwa sisi. Yule bibi wa supu alikuwa pale chini kabisa kwenye mzizi, mdogo kama mbweha. Mchungaji alikuwa tembo mfupi wa kisiwani. Yule dada aliyenileta alikuwa nguva, kwa kuwa alipokuja Australia alianzia Queensland. Mumewe alikuwa tembo wa Asia, na mpaka leo analalamika. Wote waliohamia Melbourne walikuwa wametoweka. Nikajitafuta kwa kidole, nikajikuta kwa yule mwenye taya kama beleshi, miongoni mwa waliotoweka. "Wa gazetini," aliandika, na tarehe ya siku ile safu yangu ilipotoka. Nikaona sawa, ndiyo haki yangu.

Lakini maneno yale yalikuwa yamekatwa kwa mstari. Mshale ulitoka hapo, ukapita juu ya kichwa cha mamothi, ukazunguka swichi ya taa, ukafika upande wa walio hai, kwa kiatu kidogo kuliko vyote, kilichokaa juu ya jiwe. Hapo aliandika upya: "Wa gazetini. Makelele mingi, lakini ni wa kwetu." Tarehe ya pili ilikuwa siku tatu baada ya ile ya kwanza. Siku tatu. Maana yake ile siku ya dukani, mimi nikiwa na majibu yangu matatu, alikuwa ameshanisamehe tangu wiki hiyo hiyo, na alichokuja nacho ni masahihisho tu. Dada akaniambia, macho yake yakiwa kwenye ule ukuta: "Mjomba alikuwa anasema pimbi hajui kama ni ndugu ya tembo. Anakaa tu juu ya jiwe, anapiga kelele. Tembo ndiye anajua." Nililia pale jikoni, nikiwa mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, na treni ikapita, na vikombe vikatikisika.

Ijumaa nilikwenda kusaini. Yule mama alinionyesha kisanduku cha uhusiano, akauliza kwa huruma kama ningependa wabadilishe waandike rafiki. Nikamwambia aliache neno kama lilivyo. Akanitazama kidogo, nadhani akilinganisha, akagonga mhuri.

Tulimzika kwenye makaburi makubwa ya Lidcombe. Mahali pa picha ya marehemu tulitundika ule mti wa ukoo, na hilo lilikuwa kosa, maana ibada ilichelewa kuanza watu wakijitafuta. Mchungaji alipojikuta kisiwani aliomba apigwe picha pale. Mtu mmoja alitaka kujua kwa sauti kwa nini yeye ametoweka ilhali alihamia Melbourne miezi sita tu akarudi. Viti vya mbele viliandikwa vya familia, na watu wote walikaa mbele. Waliokosa nafasi walisimama mbele. Nyuma palibaki patupu kabisa isipokuwa wafanyakazi wawili wa makaburini, na mmoja wao aliuliza kama wageni bado wako njiani. Ilipotangazwa kwamba familia itangulie kutupa udongo, tulikwenda wote, na tulipomaliza, ile mashine ya kufukia haikubakiwa na kazi ya maana. Nilipewa koti lake nivae nizungumze kwa niaba ya familia. Mikono ilinipita vidole. Nikasema niliyoweza. Kisha ikabidi mtu ajibu kwa niaba ya wageni, na hapakuwa na mgeni hata mmoja, basi nikalivua koti nikajishukuru.

Nimekaa na jambo hili wiki tatu sasa. Katika nchi hii tunafanya kazi ya kuwaogesha wazazi wa watu wengine, na wazazi wetu kule kwetu wanaogeshwa na majirani, na tumekubaliana kimyakimya kwamba hiyo ni kazi na ile ni undugu. Mjomba hakuiona tofauti hiyo. Alimlisha bibi wa watu mpaka akamrithi kitu pekee kilichokuwa kimebaki kichwani mwake, akakigawa kwetu bure, nasi tukacheka. Mimi nilidhani ukoo ni ngazi: babu juu, baba katikati, mimi chini, na asiye kwenye ngazi yangu hanihusu. Yeye alijua ni kichaka, matawi mengi yamekauka, na waliobaki hawafanani hata kidogo. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Sijabisha. Ila nguva yumo majini, na ni ndugu.

Basi nimalize kwa kazi niliyoombwa nikaikwepa kwa kiburi. Katika safu ile ya miaka minne iliyopita palikuwa na makosa mawili, na wahusika wanaombwa radhi. Kosa la kwanza: niliandika kwamba mamothi ni babu wa tembo. Si kweli. Mamothi ni binamu yake, na kwa damu yuko karibu zaidi na tembo wa Asia kuliko huyo wa Asia alivyo karibu na tembo wa kwetu. Kosa la pili: niliandika kwamba marehemu alikuwa mjomba wa kukodi. Hakuna aliyemkodi. Alikuwa mjomba wangu.